Wolai mkubwa chini ya barafu: siri iko kwenye jicho lake

Kila ikifika Januari ile klipu inarudi tena kwenye magrupu ya familia, watu wamepaki magari katikati ya ziwa, wengine wamekaa kwenye kibanda wanaangalia shimo sakafuni, halafu mmoja anavuta samaki wa rangi ya dhahabu mwenye macho yanayowaka kama ya paka. Na maswali yanayofuata ni yaleyale. Hilo ziwa limeganda lote mpaka chini? Sasa samaki wanaishije? Huyo si sangara? Na kwanini jamaa kamrudisha yule mkubwa majini halafu akabaki na wadogo wawili? Mimi nimekulia Musoma kando ya ziwa, sa hivi naishi Minnesota, kaskazini mwa Marekani, na nimeshakaa juu ya hayo mashimo misimu kadhaa, kwa hiyo naomba nilieleze hili jambo taratibu kuanzia mwanzo maana nikijibu kwa voisi ya dakika mbili naona nazidi kuwachanganya.

Tuanze na samaki mwenyewe. Anaitwa wolai, wenyewe wanaandika walleye, na Minnesota wamemfanya samaki rasmi wa jimbo tangu 1965. Waojibwe, ambao ni wenyeji wa yale maziwa tangu kabla ya Wazungu, wanamuita ogaa. Sangara siye. Ukiwaweka pamoja wanafanana kidogo, mapezi ya miiba mgongoni, mdomo mpana, nyama nyeupe, lakini ni koo mbili tofauti na hata ukubwa hauko sawa, sangara anaweza kupita kilo 100 wakati wolai akifika kilo nne na nusu tayari ni samaki ambaye mtu anaweza kumtafuta maisha yake yote asimpate. Rekodi ya Minnesota ni ya mwaka 1979, ratili 17 na nusu hivi, yaani karibu kilo nane, na hata huyo hakuvuliwa kwenye barafu. Kwa hiyo nikisema wolai mkubwa hapa nina maana wa inchi 28 kwenda juu, sentimita 71 hivi, uzito kama kilo tatu na nusu. Wengi wanaovuliwa ni wa inchi 14 mpaka 18.

Haya, barafu. Ziwa haligandi lote. Maji yana tabia ya ajabu ambayo ndiyo inayookoa kila kilicho hai kule chini, yanakuwa mazito zaidi yakifika nyuzi 4 za Selsiasi, yakipoa zaidi ya hapo yanaanza kuwa mepesi tena na yakiganda yanaelea. Kwa hiyo yale ya nyuzi 4 yanazama chini, yale ya baridi zaidi yanabaki juu na ndiyo yanageuka barafu. Fikiria supu ya kongoro umeiacha usiku kwenye sufuria, asubuhi unakuta mafuta yameganda juu kama kifuniko lakini ukitoboa chini supu ipo. Ndivyo ziwa lilivyo. Na kile kifuniko kinafanya kazi ya blanketi, nje inaweza kuwa nyuzi 25 chini ya sifuri lakini kule chini wolai yuko kwenye maji ya nyuzi 3 au 4 na anaishi maisha yake.

Anaishi, lakini taratibu. Damu ya samaki inafuata joto la maji, maji yakipoa na mwili unapunguza mwendo, chakula kinakaa tumboni muda mrefu kabla ya kusagika. Hapa ndipo watu wanapopotoka wakisema samaki wanalala wakati wa baridi. Hawalali. Wolai anakula msimu wote wa barafu, ila anakula kwa hesabu, hafukuzii kitu mbali, hapotezi nguvu, anangoja saa ambayo yeye ndiye ana faida. Na faida yake iko kwenye jicho.

Nyuma ya jicho la wolai kuna utando unaong'aa, kazi yake ni kuurudisha mwanga upite mara ya pili kwenye sehemu inayoona. Paka anao, ng'ombe anao, mbwa anao, ndio maana ukiwamulika na taa ya gari usiku macho yanawaka. Wolai ana utando huo uliojaa vizuri kuliko samaki wengi anaoishi nao. Kwa hiyo kwenye mwanga mkali wa mchana kwenye maji meupe anakuwa hana raha, anashuka kina au anatulia, lakini jua likianza kuzama kuna kipindi ambapo wale samaki wadogo anaowala, hasa perchi wa njano wenye michirizi, wanaanza kupoteza kuona na yeye bado anaona vizuri tu. Hapo ndipo meza inapoandaliwa. Kwa mtu wa Ziwa Victoria hili si geni, wavuvi wa dagaa tunajua kwamba mwanga ndio unaopanga ratiba, mbalamwezi ikiwaka watu wanapumzisha karabai zao maana dagaa hawakusanyiki. Huku nako mwanga ndio bosi, ila umegeuzwa, huku unatafuta ule upungufu wake.

Kwa hiyo swali la kwanza la mtu anayetaka wolai mkubwa lisiwe niende wapi, liwe maji haya yana rangi gani. Nitatoa mifano miwili. Upper Red Lake, kaskazini mwa Minnesota, maji yake yana rangi kama chai ya rangi na ziwa lenyewe ni kama sinia, futi 15 hivi kwenye kina. Mwanga hauingii sana, basi wolai wanaweza kula saa nne asubuhi, saa saba mchana, wakati wowote. Halafu kuna Mille Lacs, ziwa kubwa mno la ekari zaidi ya 130,000 lenye kina cha futi 40 na ushee, ambalo kome wadogo wanaoitwa pundamilia waligunduliwa mwaka 2005, na kome hawa kazi yao ni kuchuja maji mchana kutwa. Maji yamekuwa meupe, na kwenye maji meupe unaweza kukaa kutwa nzima usiguswe, halafu saa kumi na nusu jioni mpaka kumi na mbili ukapata kila ulichokuja kutafuta. Samaki ni yuleyule, kilichobadilika ni mwanga. Theluji nene juu ya barafu nayo inapunguza mwanga, siku ya mawingu vilevile, hivyo vyote unaviweka kwenye hesabu.

Baada ya mwanga ni chakula. Wolai mkubwa yuko pale chakula kikubwa kilipo, na hiki hubadilika kadiri msimu unavyokwenda. Barafu ya kwanza, Desemba, wolai wanakuwa bado karibu na nchi kavu kiasi, futi 8 mpaka 20, kwenye miteremko inayotoka kwenye majani mabichi yaliyobaki kwenda kina, wanapanda jioni kula na kushuka usiku ukikomaa. Hiki ndicho kipindi kizuri kuliko vyote na ndicho kipindi cha hatari kuliko vyote, nitarudi hapo. Januari ikikolea samaki wadogo wanahama, wadudu wanatoka kwenye matope ya kina, perchi wanawafuata wadudu na wolai wanawafuata perchi, unawakuta futi 25 mpaka 35, mara nyingi pale mwamba au changarawe inapokutana na tope. Siyo katikati ya mwamba na siyo katikati ya tope, ni ule mpaka. Halafu mwisho wa msimu majike yanaanza kusogea kuelekea midomo ya mito na vichwa vya miamba ambako yatataga barafu ikishayeyuka, na yanakuwa yamebeba mayai ambayo yamekuwa yakikua tumboni msimu mzima. Lake of the Woods, mpakani na Kanada, msimu wa wolai unaendelea mpaka Aprili 14 na watu wanakwenda kule Machi kwa sababu hiyohiyo, samaki wanasogea upande wa Rainy River. Maziwa ya ndani ya Minnesota yenyewe yanafungwa Jumapili ya mwisho ya Februari.

Sasa kuna imani moja ambayo hata wenyeji wengi wanayo, kwamba mkubwa siku zote yuko chini kabisa amelalia tope. Ni kweli kwa wengi lakini siyo kwa wote. Kwenye maziwa yenye tulibi, samaki fulani mweupe wa fedha mwenye mafuta mengi, wale wolai wakubwa kweli wanakula tulibi, na tulibi hatulii chini, anaogelea katikati ya maji kwa makundi. Kwa hiyo bibi wa inchi 28 anaweza kuwa futi 12 juu ya tope na wewe umeshusha chambo mpaka chini ya miguu yake, hakioni, au akikiona hashuki. Wolai kwa kawaida yuko tayari kupanda kukifuata kitu kuliko kukishukia. Hili peke yake limenibadilishia uvuvi wangu.

Ndiyo sababu watu wanabeba sona. Ni kimashine kidogo chenye betri, kuna kidude unakining'iniza kwenye shimo kinatuma mlio chini na kupokea mwangwi, halafu kwenye kioo unaona mistari mitatu, tope, chambo chako, na kama Mungu amejalia mstari wa tatu unaosogea, huyo ni samaki. Watu wengine wanasema hii ni kama wizi, samaki hana nafasi. Mimi sikubaliani. Sona inakuonyesha samaki amekuja kuangalia, haimlazimishi kula, na nimeshaona mistari minene ikija, ikasimama sentimita tano chini ya chambo dakika nzima, ikaondoka. Inachokufundisha ni namna alivyolipokea lile ulilofanya.

Na unafanya nini? Minnesota wanaruhusu mishipi miwili kwa mtu mmoja kwenye barafu. Mmoja unaushika mwenyewe na kifimbo kifupi, urefu wa mkono tu, wenye chambo cha chuma kinachomeremeta kama kijiko kidogo, kwenye ndoano yake unatundika kichwa cha kidagaa. Unakinyanyua kwa nguvu, unakiacha kidondoke kikiyumba, unagonga tope mara mbili tatu mpaka vumbi litimke, halafu unanyanyua futi moja na unatulia. Kule kurukaruka ni kumuita, kumbuka samaki anasikia mtikisiko wa maji kwa ubavu wake wote hata akiwa mbali. Lakini kula mara nyingi anakula kikiwa kimetulia au kinatetemeka kidogo sana, na mgeni anakosea hapa, akiona mstari umekuja kwenye sona anazidi kutikisa kwa furaha. Akija, tuliza. Akisimama bila kula, anza kukipandisha taratibu, kidogokidogo, kama kitu kidogo kilichoshtuka kinajiondokea. Akikifuata umempata nusu. Usimshushie chambo usoni, hamna samaki mdogo duniani anayekimbilia kwenye mdomo wa anayemla.

Mshipi wa pili unauacha wenyewe na boya, au kifimbo kimelala kwenye kigari chake, kidagaa hai anaogelea inchi kadhaa juu ya tope na chubwi ndogo. Na nikuambie ukweli wengi wa wale wakubwa niliowaona wametoka kwenye huu wa pili. Ule unaorukaruka unawaita, wanakuja, wanasita, halafu pembeni kuna kitu kimetulia chenye harufu na uhai, wanageuka na kukichukua hicho. Mkubwa amekuwa mkubwa kwa sababu ya kusita.

Mashimo yatoboe mapema. Keekee ya betri au ya petroli inapekecha shimo la inchi 8 au 10 kwa sekunde chache, lakini kwenye maji ya futi 10 ile kelele inawatawanya, na kutembea kwako na kuburuta vitu pia wanakusikia. Kwa hiyo unafika saa nane mchana, unatoboa mstari wa mashimo kuanzia juu ya mteremko kwenda chini, kumi, kumi na tano, halafu unanyamaza. Jua likishuka unapita shimo moja moja, dakika kumi au kumi na tano, ukiona hamna kitu unasogea. Mtu anayekaa shimo moja kutwa kwa sababu tu ndani ya hema kuna hita ananunua joto, havui wolai mkubwa.

Nilisema nitarudi kwenye hatari. Idara ya maliasili ya Minnesota inatoa vipimo, barafu mpya iliyo angavu inchi 4 ndiyo ya mtu kutembea, inchi 5 mpaka 7 pikipiki ya theluji, inchi 9 au 10 gari ndogo, na inchi 13 hivi pikapu, na kama barafu ni nyeupe yenye mapovu zidisha mara mbili kwa sababu haina nguvu sawa. Na wanaongeza kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa. Unapima mwenyewe kila baada ya hatua kadhaa, maana inchi 6 hapa inaweza kuwa inchi 2 mita hamsini mbele kwenye chemchemi au mkondo. Mwishoni mwa Desemba 2023 pande kubwa la barafu lilimeguka pale Upper Red Lake likaelea na watu zaidi ya mia juu yake, ikabidi waokolewe, na mwaka mmoja kabla ya hapo ilitokea kitu kama hicho ziwa hilohilo. Wale siyo wajinga. Ni kwamba barafu ya kwanza ndiyo yenye samaki na upepo haukuombi ruhusa. Vaa jaketi linaloelea, na shingoni ning'iniza zile pini mbili za chuma, ukizama ndizo za kuchomeka kwenye barafu ujivute nje. Ndugu zangu mnaofika huku kutoka Goma, Kigoma au Kisumu, kujua kuogelea ziwani nyumbani hakukusaidii sana kwenye maji haya, mkono unakataa kazi ndani ya dakika chache.

Tukirudi kwa yule jamaa wa klipu aliyemrudisha mkubwa. Karibu kila wolai mkubwa kweli ni jike. Dume ni nadra kupita inchi 20 na kidogo, jike linaendelea, na kwenye maji ya baridi ya kaskazini kufika inchi 28 ni miaka kumi na zaidi. Jike la namna hiyo linataga mayai laki kadhaa kwa msimu mmoja. Ndiyo maana sheria ya jumla ya Minnesota imekuwa ikiruhusu kubaki na mmoja tu anayezidi inchi 20, na maziwa mengine yana vipimo vyao vikali zaidi. Watu wa Mwanza, Kisumu na Jinja hili mnalijua kwa jina lingine, ni kile kipimo cha sangara cha sentimita 50 mpaka 85 kilichowahi kuwekewa viwanda vya minofu, mdogo aachwe akue na mkubwa aachwe azae. Na wazo hili limeonekana kwa macho, Red Lake wolai nusura waishe kabisa kwa kuvuliwa kupita kiasi, uvuvi ukasimamishwa 1999, Taifa la Red Lake la Waojibwe na serikali ya jimbo wakapandikiza vifaranga, na mwaka 2006 ukafunguliwa tena. Mimi nikikaa pale leo nakula matunda ya uvumilivu wa watu wengine.

Lakini kumrudisha nako kuna namna. Baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri inagandisha macho na mashavu yake kwa muda mfupi sana, kwa hiyo picha piga ukiwa ndani ya hema au usipige, na usimlaze kwenye theluji. Pia wolai hawezi kutoa hewa haraka kwenye kibofu chake, ukimvuta kutoka futi 30 kwenda chini kibofu kinavimba na hata akiondoka akipiga mkia uwezekano wa kufa upo. Kwa hiyo mimi, kama nia ni kuvua na kurudisha, kina hicho sivui, nabaki kwenye miteremko ya futi 20 jioni. Hapa najua kuna wanaobisha, na wana haki ya kubisha, ila nimeona samaki wengi mno wakielea chini ya barafu angavu.

Kuhusu kula, zebaki inajikusanya kwenye samaki anayekula samaki na inaongezeka kadiri anavyozeeka, ndiyo maana wizara ya afya ya jimbo inawapa kinamama wajawazito na watoto mwongozo wao wa kiasi cha kula. Yule wa inchi 15 au 16 ndiye wa sufuria. Unamtoa minofu miwili, chumvi, ndimu, pilipili manga, unampitisha kwenye unga wa mahindi na kumkaanga hukohuko kibandani kwenye jiko la gesi, jua limeshazama, ugali pembeni, na ule mshipi wa pili bado uko majini na boya lake ambalo dakika yoyote linaweza kuzama.